Bolti mbili zinazoiumbua koili mbovu

Katika gereji za wazi za Kwa Mrombo, hela nyingi za wateja huishia kwenye spea ambazo hazikuwa mbovu. Kifaa cha kupimia cheche, kinachoundwa kwa mabaki ya gereji hiyohiyo, kinaweza kuukomesha ubahatishaji huo.

UKIMTAJIA mkazi wa Arusha jina la Kwa Mrombo, kitu cha kwanza kumjia kichwani ni mbuzi choma. Jumamosi jioni eneo hili la kata ya Muriet, kusini mwa jiji, hujaa magari ya watu waliofuata nyama na vinywaji. Lakini siku za kazi, kabla majiko hayajashika moto, kinachosikika zaidi ni injini ndogo: bodaboda zinazopandisha abiria mjini, bajaji, jenereta za maduka umeme ukikatika, pampu za maji za wakulima wa bustani, mashine za kupulizia dawa na misumeno ya mnyororo inayoletwa kutoka miteremko ya Meru. Zote hizo zinakunywa petroli, na zote huwaka kwa cheche.

Zikigoma, huletwa kwa fundi. Gereji ya huku mara nyingi ni mti wenye kivuli, benchi moja, ndoo ya petroli ya kuoshea vifaa na kapu la spana. Fundi anachomoa plagi, anairudisha kwenye kofia yake, anailaza juu ya hedi, kisha kijana wa kazi anapiga kiki. Watu wanainama kutazama. Kacheche kakionekana kati ya ncha mbili za plagi, hukumu inatolewa palepale: moto upo, tatizo ni kabureta. Kasipoonekana, hukumu ni nyingine: CDI, kisanduku cha umeme kinachoilipua koili ya moto, imekufa, nenda dukani.

Hukumu zote mbili zinaweza kuwa za uongo. Anayelipia uongo huo ni mwenye pikipiki. Ananunua plagi mpya, injini haiwaki. Ananunua koili, haiwaki. Ananunua CDI, inawaka, na hakuna anayejua kama koili ya zamani ilikuwa na kosa lolote. Dukani spea ya umeme ikishauzwa hairudi. Kwa dereva wa mkataba, ambaye kila jioni anadaiwa hesabu na mwenye chombo, siku inayopotelea chini ya mti ni deni linaloongezeka juu ya bei ya spea.

Tatizo hapa si uzembe wa mafundi. Wengi wao wana mikono mizuri na masikio makali kuliko watu wenye vyeti ukutani. Tatizo ni kwamba kipimo wanachokitumia hakipimi kile wanachotaka kujua.

Kwa nini jicho hudanganyika

Plagi ya pikipiki ina mwanya wa takriban milimita 0.7 kati ya ncha ya katikati na ile ya pembeni. Hewa ya kawaida huanza kupitisha umeme inapobanwa na takriban volti 3,000 kwa kila milimita. Kwa hiyo plagi iliyolazwa juu ya hedi inahitaji volti elfu mbili au tatu tu kutoa cheche. Koili nzima ya injini ndogo inaweza kutoa volti 15,000 na zaidi. Koili iliyochoka, iliyobakiwa na theluthi moja ya nguvu zake, bado itatoa cheche ya kuonekana hapo nje, na fundi atatamka kwamba moto upo.

Ndani ya silinda mambo ni mengine. Pistoni inapopanda, mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa mara tisa hivi katika pikipiki za kawaida za barabarani. Umeme kupenya hewa iliyosongamana namna hiyo ni sawa na abiria kupenya ndani ya daladala la saa kumi na mbili jioni: njia ni fupi ileile, ila nguvu inayotakiwa ni nyingine kabisa. Plagi iliyoridhika na volti 3,000 nje sasa inadai hata 10,000 au zaidi, na koili iliyochoka haina cha kutoa.

Mwaka 1889 mwanafizikia wa Ujerumani, Friedrich Paschen, alionyesha kwamba volti zinazohitajika ili cheche iruke hutegemea mambo mawili yakizidishwa pamoja: upana wa mwanya na mgandamizo wa hewa iliyomo. Hapo ndipo lilipo jibu la fundi wa chini ya mti. Kama huwezi kuleta mgandamizo wa silinda juu ya benchi, ongeza mwanya. Koili inayoweza kurusha cheche milimita sita hewani ina akiba ya kutosha kufanya kazi ndani ya injini. Isiyoweza, hata ikitoa kacheche kwenye plagi, ni mgonjwa.

Watengenezaji wanalijua hilo tangu zamani. Vitabu vya mafundi vya Yamaha hutaja milimita 6 kuwa kiwango cha chini cha umbali ambao cheche ya pikipiki inapaswa kuruka. Kifaa cha kupimia cha Briggs & Stratton, kampuni ya Marekani ambayo injini zake ndogo zimesambaa duniani kote, kina mwanya wa takriban milimita 4.2. Injini za aina tofauti zina viwango tofauti, lakini zote zinaikataa milimita 0.7 ya plagi kama kipimo.

Arusha ina nyongeza yake. Mji uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 85 ya ule wa Tanga au Dar es Salaam. Kwa kanuni ileile ya Paschen, cheche inaruka kwa urahisi zaidi Arusha kuliko pwani. Milimita 6 za kitabu, ambacho kimeandikwa bila kuufikiria Mlima Meru, huku zinakuwa kama milimita 7. Fundi wa Kwa Mrombo asipoongeza hiyo moja ataipasisha koili ambayo mwenzake wa Tanga angeifelisha.

Fizikia hiyohiyo inaeleza lalamiko ambalo kila fundi wa jiji hili amelisikia: pikipiki inatembea vizuri tambarare, ikianza kupanda kuelekea mjini ikiwa na abiria inamisi na kukohoa. Dereva anapovuta mafuta, hewa nyingi zaidi inaingia kwenye silinda, mgandamizo unaongezeka na plagi inadai volti nyingi zaidi. Koili dhaifu huweza kumudu sailensa ya polepole, mzigo ukizidi inashindwa. Fundi akiipima imesimama, plagi ikiwa juu ya hedi, anakuta moto upo, anarudi kwenye kabureta, na gurudumu la kubahatisha linaanza upya.

Ubao, bolti na waya

Kifaa chenyewe hakina siri. Msingi wake ni kipande cha plastiki ngumu chenye urefu wa kiganja. Ubao mweupe wa kukatia nyama unafaa sana. Mbao ya kawaida inatumika tu ikiwa imekauka vizuri, kwa sababu mbao yenye unyevu hupitisha umeme wa volti nyingi na kuiba sehemu ya cheche. Mwezi wa saba, ukungu unapokaa mpaka saa nne asubuhi, mbao iliyolala nje haifai.

Juu ya msingi huo husimamishwa vipande viwili vya bati nene vilivyokunjwa pembe mraba, vikitazamana. Kwenye kimoja hufungwa bolti isiyosogea, ambayo nyuma yake imeungwa kichwa cha juu cha plagi ya zamani, kile kinachoingia kwenye kofia. Kofia ya pikipiki inakaa pale kama ilivyokaa kwenye injini. Kwenye cha pili, nati huchomelewa, na ndani yake hupita bolti ya milimita 6 inayoweza kusogezwa mbele na nyuma. Ncha za bolti zote mbili husagwa hadi zichongoke. Mwisho, waya mnene unafungwa kwenye bati la pili, na upande wake wa mbali unawekwa klipu imara ya kushika chuma cha injini. Huo ndio waya wa ethi.

Bolti ya milimita 6 haikuchaguliwa kwa bahati. Uzi wa kawaida wa saizi hiyo una hatua ya milimita 1 kamili, yaani kila mzunguko mmoja unaisogeza bolti milimita moja. Fundi hahitaji rula wala kipimo cha dukani. Anakaza mpaka ncha ziguse, anaweka alama ya rangi kwenye kichwa cha bolti, kisha anafungua akihesabu: mizunguko minne kwa injini ndogo ya jenereta au pampu, sita kwa pikipiki, na saba kwa kuwa tupo Arusha. Nati ya pili ya kubana huizuia bolti isijisogeze injini inapotetemeka.

Kimebaki kivuli. Jua la mchana linaimeza cheche, na fundi anayeitafuta kwa kukunja macho ataona anachotaka kuona. Kipande cha bomba la plastiki lililopakwa rangi nyeusi ndani, lililotobolewa dirisha moja, kikifunika mwanya, kinatosha. Humo cheche nzuri huonekana ya buluu inayokaribia weupe na hupiga kwa sauti ya kukatika. Cheche nyembamba, ya njano au nyekundu, inayoruka mara moja na kukosa mara mbili, ni dalili ya udhaifu.

Asiye na muda wa kuunda yote haya anaweza kuanza na plagi kuukuu. Akate ncha ya pembeni kabisa, abaki na ile ya katikati, kisha afunge klipu ya ethi kwenye mwili wa plagi. Cheche italazimika kuruka kutoka katikati hadi ukingo wa chuma, safari ndefu kuliko 0.7. Ni kipimo kisichorekebishika, lakini kinaizidi mbali desturi ya kuilaza plagi nzima juu ya hedi.

Kumsaka mbovu hatua kwa hatua

Kifaa kinapata maana kikitumika kwa utaratibu. Mfumo wa moto wa pikipiki ni mnyororo: ndani ya kava la magneti kuna koili ndogo inayotoa ishara, ishara inakwenda CDI, CDI inailipua koili ya moto, koili inapeleka volti kwenye kofia, kofia kwenye plagi. Pembeni kuna swichi ya kuzimia, ambayo kazi yake ni kuua mnyororo mzima.

Hatua ya kwanza haigharimu kitu: chomoa waya wa swichi ya kuzimia, kisha pima. Waya huo ukichubuka na kugusa fremu, injini inakuwa imezimwa saa zote, na kila spea mpya itakayowekwa itaonekana mbovu. Kwenye pikipiki zinazobeba mizigo mizito katika barabara za vumbi na mashimo, waya za chini ya tangi na kwenye shingo ya usukani husagika upesi. Cheche ikirudi baada ya kuchomoa, mteja anahitaji mkanda wa umeme na dakika kumi za kazi.

Hatua ya pili ni kofia ya plagi. Nyingi zina kizuizi cha ndani cha takriban omu 5,000 ili kupunguza kelele kwenye redio. Kikikatika, cheche hudhoofika au hupotea. Ifungue kofia, uuegeshe waya wa koili moja kwa moja kwenye bolti ya kifaa na upime tena. Ikiruka milimita saba bila kofia na kushindwa ikiwa na kofia, mhalifu amepatikana, naye ni wa bei ndogo.

Hatua ya tatu ndiyo ya koili na CDI, na hapa pana ugumu wake. CDI hujaza kapasita kwa volti kati ya 200 na 400, kisha huifungulia kwa ghafla kwenye koili, ambayo huzizidisha mara mia hivi. Cheche ikikosekana kabisa, kosa linaweza kuwa kwenye chochote kati ya viwili hivyo, au kwenye koili ya ishara iliyo ndani ya kava. Mita ya umeme inasaidia: koili ya ishara ya pikipiki nyingi husoma omu mia moja hadi mia tatu hivi, na ikisoma waya uliokatika, jibu limepatikana. Ila mita hutumia betri ya volti chache. Koili ambayo kihami chake cha ndani kimetoboka huweza kusoma sawasawa kwenye mita na bado ikavujisha volti zote inapofanya kazi. Mita husema kama waya haujakatika, na mwanya wa milimita saba husema kama koili inaweza kazi.

Sanduku la mezani

Ndiyo maana fundi anayetaka kwenda mbali zaidi huongeza kifaa cha pili, cha kupima koili ikiwa imetolewa kwenye chombo. Kinahitaji betri ya volti 12, rilei ya gari yenye pini tano, kapasita na taa ya mbele ya pikipiki. Rilei hufungwa ijikate yenyewe: ikivuta inakata umeme ulioivuta, ikiachia inauunganisha tena, mara nyingi kwa sekunde, ikinguruma. Kila inapokata, sumaku iliyojengeka ndani ya koili huporomoka na volti kubwa hutokea upande wa pili. Taa hufungwa kwenye mstari wa umeme kwa sababu waya wa kwanza wa koili ya CDI mara nyingi hauna hata omu moja. Bila kizuizi hicho rilei itaungua kabla koili haijapimwa. Kapasita huwekwa kwenye ncha za rilei ili zisiliwe na moto.

Cheche za sanduku hili ni ndogo kuliko za CDI, kwa hiyo namba zake hazilingani na za kwenye pikipiki. Lililo muhimu ni kulinganisha. Fundi anaweka pembeni koili moja anayojua ni nzima, anapima umbali inaoruka, kisha anapima ile inayoshukiwa. Akifika dukani na sanduku lake anaweza pia kupima koili mpya kabla ya kulipa, jambo lenye maana katika soko ambalo boksi zuri si ushahidi wa kilichomo ndani.

Wazo hilo lina umri wa zaidi ya karne. Gari la Ford Model T, lililotengenezwa kati ya mwaka 1908 na 1927, lilikuwa na koili nne ndani ya visanduku vya mbao, kila moja na ulimi wa chuma uliojikata wenyewe na kunguruma. Mafundi wa enzi hizo walipimia koili kwenye mashine ya mezani yenye mkono wa kuzungusha, wakitazama duara la cheche: duara likiwa kamili koili ni nzima, likiwa na mapengo inahitaji kurekebishwa. Mashine ile iliwekwa kwa sababu hata wakati ule ilijulikana kwamba jicho peke yake halitoshi.

Misumeno ya mnyororo, mashine za kukatia nyasi na injini nyingi za pampu ni habari tofauti. Hazina betri. Gurudumu lenye sumaku hupita mbele ya koili, na sumaku inayopita huzaa umeme, kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Robert Bosch wa Stuttgart aliunda magneti yake ya kwanza ya injini mwaka 1887, na mwaka 1902 mhandisi wake Gottlob Honold akaiunganisha magneti ya volti nyingi na plagi. Msumeno unaokata mikaratusi leo unatumia mpango huohuo. Koili za aina hii haziamki kwa rilei. Zinataka gurudumu la sumaku lizunguke kwa kasi ya kutosha, huku mwanya kati ya koili na sumaku ukiwa unene wa kadi ya biashara.

Baiskeli inaweza kutoa kasi hiyo. Chukua gurudumu la sumaku kutoka kwenye injini iliyokufa, lifunge kwenye mhimili wenye kigurudumu cha sentimita 5 kinachogusa tairi la nyuma la baiskeli iliyoinuliwa. Pedali zikizungushwa mara 60 kwa dakika, na mnyororo ukitoka meno 44 kwenda 18, tairi huzunguka karibu mara 147. Tairi la sentimita 65 likikizungusha kigurudumu cha sentimita 5, kasi inazidishwa mara 13: mizunguko kama 1,900 kwa dakika, zaidi ya inayohitajika. Gurudumu hilo lazima lifunikwe kwa wavu wa chuma, maana likichomoka halichagui wa kumpiga.

Arusha haijaanza leo

Kuunda mashine kwa baiskeli si jambo geni hapa. Bernard Kiwia, fundi baiskeli na mwalimu wa ufundi wa Arusha, alijulikana nje ya nchi kwa chaja ya simu inayoendeshwa na baiskeli na mashine nyingine alizounda kwa vipande vya baiskeli. Alishiriki mkutano wa kimataifa wa ubunifu wa maendeleo, IDDS, ulioanzishwa mwaka 2007 katika chuo cha MIT cha Marekani, na mwaka 2014 mkutano huo ulifanyika hukuhuku Arusha. Kituo cha ubunifu cha Twende, alichoshiriki kukianzisha, hufundisha watu wa kawaida kujitengenezea zana kwa mikono yao. Kampuni ya Global Cycle Solutions nayo, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Jodie Wu, mhitimu wa MIT, ilianzia Arusha na kifaa cha kupukuchua mahindi kinachofungwa kwenye baiskeli.

Jiji hili limejaaliwa taasisi pia. Chuo cha Ufundi Arusha kilianza mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. TEMDO, ya usanifu wa mitambo, na CAMARTEC, ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, zote makao yake ni hapa. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo, ina ofisi mkoani, na VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani bila darasa. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, injini ndogo zimekuwa usafiri wa umma wa sehemu kama Muriet. Hata hivyo fundi anayezihudumia bado anajifunza kwa kumtazama fundi mwingine, na anachokiona ni plagi juu ya hedi.

Hapo ndipo taasisi hizi zingeweza kugusa mtaa bila bajeti kubwa. Kifaa cha bolti mbili kinamfundisha mwanafunzi kukata, kukunja, kutoboa, kuchomelea na kusoma uzi wa bolti, na akimaliza anabaki na zana ya kazi. Kingefaa kuwa zoezi la kwanza la kila kijana wa gereji, na sehemu ya mtihani wa anayerasimishiwa ujuzi wake.

Kile ambacho kifaa hakisemi

Mwanya wa milimita saba unajibu swali moja: nguvu ipo au haipo. Hausemi kama cheche imekuja kwa wakati wake. Kii ndogo inayoshikilia gurudumu la sumaku kwenye shafti ikikatika, gurudumu linateleza, cheche inaruka vizuri kabisa lakini wakati usio wake, na injini inarudisha kiki kwenye mguu wa mpigaji. Cheche nzuri, mafuta yapo, na bado haiwaki: fungua kava ukague kii.

Kuna pia ugonjwa unaojificha. Pikipiki inawaka asubuhi, inatembea nusu saa, inazima. Ikipoa inawaka tena. Joto huupanua waya mwembamba ndani ya koili mpaka unaachana, na ubaridi huurudisha. Kuipima koili hiyo ikiwa baridi ni kupoteza muda. Ipimwe palepale ilipozimia, ikiwa bado ya moto, na kifaa kinachoingia mfukoni ndicho kinachowezesha hilo.

Na plagi nyeusi isihukumiwe haraka. Kwenye mwinuko huu hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa kwa pwani hutoa petroli nyingi kuliko hewa inayoingia. Masizi yanayopatikana hapo ni kosa la mchanganyiko, ingawa yakizidi nayo huvujisha cheche.

Kuhusu usalama, sheria ni chache na hazina mjadala. Kamwe usipime karibu na tundu la plagi lililo wazi likitoa mvuke wa petroli, wala karibu na ndoo ya kuoshea vifaa. Cheche inayoruka milimita saba huwasha mvuke bila kuchagua. Ethi ifungwe kwanza, kofia baadaye. Usipige kiki kofia ikiwa inaning'inia hewani, kwa sababu volti zisizopata njia ya mwanya hutafuta njia ndani ya koili na CDI na kuziunguza. Spea nzima nyingi zimeuawa na fundi aliyekuwa akizipima. Usiongeze mwanya kupita kiasi kwa kutaka kuona miujiza, kwa sababu hiyohiyo. Na mkono usiwe karibu: mshtuko wa CDI unauma, na kwa mwenye maradhi ya moyo ni hatari.

Milimita ngapi?

Faida kubwa ya kifaa hiki inaonekana pale watu wawili, fundi na mwenye chombo, wanapotazama dirisha moja. Siku zote mteja amekuwa akiamini au kushuku, hana njia ya tatu. Anapoambiwa CDI imekufa, hana la kusema ila kutoa hela au kuondoka. Namba inampa la kushika. Koili ya zamani imeruka milimita tatu, mpya imeruka nane: hata asiyejua kusoma mchoro wa umeme anaona alicholipia. Na fundi mwadilifu anapata ulinzi wake, kwa kuwa hawezi tena kuitwa mwizi na mtu aliyeona kwa macho yake.

Wapo watakaosema kipimo kitawapunguzia mafundi kipato, kwamba spea inayouzwa bila sababu nayo ni ugali wa mtu. Lakini dereva aliyenunua vitu vitatu ili kutibu waya uliochubuka harudi, na kijiweni hawezi kunyamaza. Anayepima anaweza kutoza ada ya kupima, kazi ambayo leo inafanywa bure kwa sababu haina thamani.

Basi mwenye pikipiki, pampu au jenereta, kabla hajaingiza mkono mfukoni, aulize: cheche imeruka milimita ngapi? Fundi aliyepima atamjibu kwa namba. Asiye na namba asipewe hela ya spea.